Gunia la Arobaini na Saba

Karambi, 11 Februari 2025

Mwanangu Naimah,

Salaam nyingi kwako huko Kasese. Hapa tu wazima, ila mimi nina hasira, na ukiona mwandiko umelala upande ujue ni kwa hasira, si kwa uzee.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu nimeichoka. Mwaka jana, walipokuja kupima udongo nyuma ya ghala la zamani la pamba, yule bwana wenu wa mradi, Nobert, alinipigia mara tisa. Aliahidi hivi, akaahidi vile. Nilipomkumbusha akasema, "Mama, ile haikukuwa promisi, tulikuwa naongea tu." Maneno ya simu hayana mwenyewe. Abdunoor, dereva wa lori la mradi, anapita hapa kila wiki, na amekubali kubeba barua zetu. Ukiandika weka tarehe na jina lako, nami nitaweka langu.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita Nobert alikuja na wenzake wawili. Wanataka kuchimba udongo wote wa juu, kuanzia ghalani hadi mwisho wa kahawa yangu, waupeleke mbali wakaufukie, halafu waniletee kifusi cha mtoni. Kifusi! Unajua shamba lile lilivyo na mteremko. Kila mvua zikiisha, ukoo wa marehemu Kosiya unashuka bondeni na vikapu na kuupandisha udongo ulioporomoka. Kosiya mume wangu aliupandisha, baba yake aliupandisha, na wewe ulipokuwa ukishinda kwangu ulibeba kikapu chako kidogo ukilia kwamba shingo inauma. Udongo ule tumeubeba wote kwa migongo yetu. Leo mtu aliyefika na gari ananiambia ni uchafu.

Na hiyo sumu waliyoikuta kwenye udongo hatukuileta sisi. Chama cha pamba kilijaza DDT, dawa ya kuua wadudu, ghalani nikiwa msichana, chama kikafa, mapipa yakaoza. Miaka arobaini hakuna aliyekuja kusema neno. Waliokuja sasa wananitazama kana kwamba niliimwaga mimi.

Kuna jambo jingine. Shallon, mke wa mwanangu Nasani, ana mimba ya miezi mitano. Alikuwa anakwangua ukuta wa jikoni ale udongo, kama tulivyofanya sisi wote tulipokuwa na mimba. Ukuta ule tuliukandika kwa udongo wa ghalani. Nilipopata habari za sumu nikampiga marufuku, na sasa mtoto wa watu anahangaika. Ananiambia, "Mama, si miye nataka, ni mutoto." Nasani yuko Nyakalengija anabeba mizigo ya wapanda milima, kwa hiyo huyu ni wangu wa kuangalia.

Wewe ndiye fundi wa hiyo mashine yao. Niambie kweli: inaweza kuosha udongo wangu na kunirudishia ule ule?

Mama yako,
Edisa


Kasese, 15 Februari 2025

Mama yangu Edisa,

Wasibire, salaam nyingi. Barua yako niliisoma nikicheka, halafu nikaisoma tena sikucheka.

Jibu ni ndiyo. Inaweza. Nitakueleza kama unavyonielezaga mambo, polepole.

Unaijua hewa inayotoka kwenye soda ukifungua chupa. Sisi tunaichukua hewa hiyo, tunaiminya kwa pampu na kuipasha moto kidogo tu, hata chai haiwezi kuchemka kwa moto huo. Ikifika mahali fulani inaacha kuwa hewa na haiwi maji. Inapenya ndani ya udongo kama hewa, kila tundu, na huko ndani inayeyusha sumu kama maji ya moto yanavyoyeyusha mafuta kwenye sufuria. Tunaongeza spiriti kidogo kuisaidia. Kisha tunaitoa upande wa pili na kulegeza presha. Hapo inarudi kuwa hewa ya soda, na DDT inabaki chini ya chupa kama grisi ya kahawia. Mara ya kwanza nilipoiona ile grisi nilikaa chini. Mama, ilitoka kwenye debe moja tu la udongo wako.

Udongo hauchomwi, hauvunjwi. Unabaki ni ule ule. Minyoo itakufa, lakini itarudi yenyewe. Sharti ni moja, uwe mkavu, kwa hiyo tuanze kabla ya mvua za Machi.

Nimezungumza na Nobert mbele ya watu wa ofisi. Amekubali magunia sabini na mawili ya kwanza, yale ya ghalani kabisa, kwenye sumu nyingi. Kila gunia litakuwa na namba. Likipita kwenye mashine nitaandika presha na saa, nitasaini mimi mwenyewe, ndipo litabandikwa kibandiko cha kijani na kurudi kwako. Usipokee gunia lisilo na kibandiko.

Mwambie Shallon avumilie.

Binti yako,
Naimah


Karambi, 29 Machi 2025

Mwanangu Naimah,

Yamefika yote! Abdunoor ameshusha la mwisho jana, sabini na mbili, kila moja na kibandiko chake cha kijani: UDONGO SAFI, UMEPIMWA. Nimeyapanga kwenye baraza, mawe chini, mabati juu, yanangoja siku ya wageni tarehe kumi Mei. Nobert amesema yasimwagwe shambani kabla wakubwa hawajayaona. Ameleta na bango la mradi lenye picha yake. Bango ni refu kuliko kahawa yangu. Nimemwambia akilisimika juu ya mche hata mmoja nitalifanya mlango wa choo.

Lakini leo sitaki kugombana. Leo nina furaha na nitaisema. Nilipofungua gunia la kwanza nilipiga magoti nikaingiza mikono mpaka kwenye viwiko. Ni ule ule, Naimah. Vijiwe vyake vyeupe vimo. Niliwaza Kosiya angekuwapo angesema nini, nikalia kidogo.

Sasa cheka. Wanawake wa hapa wamesikia kwamba udongo wangu umeoshwa kwa mashine, wanakuja na vikombe. "Mama Edisa, tupatie ile ya kukula, hiyo iko musafi kupita ya anthili, ile ya kichuguu, bazungu balisha kuiosha." Na kweli, kuna udongo gani mwingine wilaya nzima uliopimwa na kusainiwa? Kwa hiyo nimemfungulia Shallon marufuku yake. Nimemfinyangia vipande, nimevikausha kwenye kikaango mpaka vimekuwa vikavu kama biskuti, na anakula kila siku tangu tarehe kumi na nane, lilipokuja lori la nne. Wengine nimewaambia wangoje, mwenye tumbo nyumbani ndiye wa kwanza.

Ila anachagua! Magunia ya mwanzo hayataki, anasema hayanukii kitu, ni kama kulamba chaki. Amefungua moja moja akinusa mpaka akafika la arobaini na saba. Hilo linanukia mvua ya kwanza, hata mimi nimenusa. Sasa ndilo gunia lake, hagusi jingine.

Mungu akubariki, mwanangu. Umenirudishia kitu ambacho sikutegemea kukiona tena.

Mama yako,
Edisa


Kasese, 2 Aprili 2025

Mama yangu,

Nimefurahi magunia yamefika salama. Huku mvua zimeanza, mto Nyamwamba umejaa lakini haujatoka kingoni. Baba yangu Ziyad alipita juzi kutoka Bwera na shehena ya chumvi, anakusalimu sana, mgongo unamsumbua. Nami nilikuwa na mafua wiki nzima.

Kuhusu Shallon, nadhani si vizuri sana ale udongo, wa gunia lolote. Kliniki wanasema udongo unaleta minyoo na kupunguza damu. Labda umpe vidonge vya damu badala yake, au ndimu na chumvi. Ni ushauri tu. Na wale wanawake wengine pia usiwape.

Nina kazi nyingi, nitaandika vizuri siku nyingine.

Naimah


Karambi, 9 Aprili 2025

Naimah,

Minyoo? Mimi nakaanga udongo mpaka sufuria inalia, na wewe unaniambia minyoo? Mdudu gani anaishi kwenye kikaango? Nimezaa sita. Umenipangia na ndimu na chumvi, kana kwamba nimeanza kuona wajawazito jana.

Nikukumbushe, kwa kuwa naona elimu imekufunika macho. Marehemu mama yako Hidayah alipokuwa na mimba yako, Ziyad alikuwa Kongo na mizigo yake, na mama yako akaja kukaa kwangu miezi minne. Kila jioni alikwangua ukuta wa jiko langu kwa kijiko. Mpaka leo kuna shimo, kando ya dirisha. Wewe umejengwa kwa udongo huo. Hukutoka na minyoo, ulitoka na mdomo.

Shallon bado anakula, na ataendelea. Barua yako ilikuwa ya baridi na imenichoma. Kama una sababu nyingine iandike.

Edisa


Kasese, 13 Aprili 2025

Mama Edisa,

Mwambie Shallon aache sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Tafadhali inuka umwambie, halafu urudi.

Tarehe nne Machi mpira wa pampu ulipasuka. Mpira huo hauko Kasese wala Kampala, unatoka ng'ambo, na tuliambiwa wiki nane. Tulikuwa tumeosha magunia arobaini. Yale thelathini na mawili yaliyobaki yalikaa kwenye banda yakitazamana na mashine iliyokufa. Nobert akasema ripoti ya mwisho wa Machi lazima iseme sabini na mbili. Akasema, "Naimah, weka stika, pampu ikikuja tutayarudisha pole pole tuyaoshe, nani atajua?" Nikabandika. Nikaandika presha ambayo haikuwapo na saa ambazo hazikupita, na nikasaini karatasi thelathini na mbili, moja baada ya nyingine.

Kuanzia arobaini na moja hadi sabini na mbili, udongo haujaguswa. Ndiyo maana unanukia. Hewa yetu inapotoa sumu inatoa na ile harufu ya mvua. Uliponiandikia kwamba la arobaini na saba linanukia, nilijua. Nilijua tarehe thelathini na moja Machi, saa nne asubuhi, Abdunoor akiwa bado amesimama mlangoni. Nikakuandikia minyoo.

Nilijiambia udongo utakaa tu kwenye magunia mpaka pampu ije. Sikufikiria mdomo wa mtu. Mimi niliyekulia jikoni kwako sikufikiria hilo.

Mama, nitafukuzwa, na pengine nitashtakiwa. Nakuomba ukishaisoma barua hii uichome.

N.


Karambi, 14 Aprili 2025

Naimah binti Ziyad,

Wiki mbili. Nimehesabu. Kati ya siku uliyojua na siku uliyosema, Shallon amekula vipande ishirini na sita, na kila kimoja nilikifinyanga mimi kwa mikono hii. Nilimbembeleza. Siku aliyosema ameshiba nilimwambia aongeze kwa ajili ya mtoto. Umenifanya mimi niwe mkono wa sumu nyumbani mwangu, ukanyamaza, ukaniandikia habari za mafua yako na mgongo wa Ziyad.

Na sasa unataka nichome. Watu wa pamba walifunga mlango wa ghala na kuchoma daftari zao, ndiyo maana leo hakuna wa kumshika shati. Nobert alisema kwa simu ili pasiwe na karatasi. Sasa na wewe, niliyekufundisha kushika kalamu mezani pangu, unaniletea kiberiti?

Tena umesaini herufi moja. Uongo uliusaini kwa jina lako lote mara thelathini na mbili. Kweli unaisaini N.

Iandike upya. Weka jina. Mpaka hapo sina la kukuambia.

Nimemwandikia Nobert leo hii hii, nikamwagiza ajibu kwa karatasi na kwa lugha ninayoisoma.

Edisa, mjane wa Kosiya


Ofisi ya Mradi, Kasese
24 Aprili 2025

Kwa Bi. Edisa, Karambi

YAH: MALALAMIKO YAKO YA TAREHE 14 APRILI

Tumepokea barua yako na tunakushukuru kwa ushirikiano wako na mradi.

Tungependa kukufahamisha kwamba magunia yote 72 yana kumbukumbu kamili za usafishaji zilizosainiwa na fundi mhusika. Ofisi haina taarifa ya hitilafu yoyote. Endapo kuna dosari katika kumbukumbu hizo, ni jambo binafsi la fundi aliyesaini.

Aidha, udongo si chakula. Kibandiko cha mradi hakikusema kwamba udongo unafaa kuliwa, hivyo mradi hauwezi kuhusika na matumizi yasiyokusudiwa yanayotokana na mila au uelewa mdogo wa jamii.

Tunatarajia ukarimu wako wa kawaida siku ya wageni, tarehe 10 Mei. Tafadhali andaa kahawa na karanga kwa watu kumi na watano.

Wako katika maendeleo,
Nobert, Mkuu wa Mradi


Kasese, 26 Aprili 2025

Mama Edisa,

Umesema huna la kuniambia, nami siombi jibu.

Ndani ya bahasha hii kuna vitu viwili. Cha kwanza ni barua yangu ya tarehe 13, nimeiandika upya neno kwa neno, na jina langu lote liko chini. Hata lile ombi la kuchoma nimeliacha palepale, kwa sababu niliomba kweli.

Cha pili ni vikaratasi vyembamba vyembamba. Mashine inachapa yenyewe presha yake kila saa, haimsikilizi mtu. Ukiangalia vya Februari utaona mia tatu, mia tatu, mia tatu na tano. Kuanzia tarehe nne Machi utaona sifuri mpaka mwisho. Nobert aliniambia nivichome. Sikuvichoma, nilivificha kwenye mfuko wa sukari chini ya kitanda, na sijui kwa nini nilikuwa na ujasiri wa kuficha bila ujasiri wa kusema.

Jana nimeondolewa kazini. Kwenye barua wameandika "uzembe".

Shallon apelekwe kwa daktari wa Bwera. Nimemwandikia daktari kila kitu, ni sumu gani na ameila kwa siku ngapi. Asione haya kusema kwamba alikula udongo. Aibu ni yetu.

Naimah Ziyad
Aliyekuwa fundi wa mashine


Karambi, 12 Mei 2025

Naimah,

Siku ya wageni imepita. Nakuandikia kwa sababu jina lako lilitajwa, na mtu akitajwa ana haki ya kujua.

Walikuja kumi na saba. Turubai, viti vya plastiki, bango. Nobert akasema hotuba. Akasema jamii ya Karambi imeelimika. Nilikuwa nimesimama nyuma na sinia, naye hakujua nimebeba nini, maana nilikuwa nimefunika kwa kitambaa cheupe, kile cha harusi yangu.

Nikawakaribisha kama mwenye nyumba. Kahawa nikaweka. Karanga nikaweka. Sahani ya tatu nikaiweka mbele ya yule mama mkubwa wao kutoka Kampala, anaitwa Ninsiima, anayekaa upande wa watoaji wa fedha za mradi. Akaniuliza, "Mama, hii nini?" Nikamwambia ni udongo wa gunia la arobaini na saba, nimeukaanga mwenyewe, hapa kwetu wenye mimba wanakula, na mkwe wangu pale kwenye kiti ameula karibu mwezi mzima kwa sababu Bwana Nobert ameandika ni safi. Nikamsogezea Nobert sahani. Nikasema, "Karibu, mwanangu. Anza wewe."

Ungeuona uso wake! Alicheka kwanza, akatazama huku na huku, akamgeukia Mama Ninsiima. Akasema, "Mama, banaku-komediya hawa, banakuchezea tu. Udongo haiko chakula."

Nikamwambia, "Sikuulizi kama iko chakula. Nakuuliza kama iko safi."

Hakugusa. Watu kumi na saba walimwona hakugusa. Kipande kilikuwa karibu na kidole chake, akarudisha mkono mapajani.

Ndipo nikatandika vile vikaratasi vyako mezani, kimoja kimoja, vya Februari juu, vya Machi chini. Mama Ninsiima akavaa miwani. Alisoma sifuri zote, hakuruka hata moja, na kahawa yake ikapoa. Nobert akasema kwa sauti kwamba saini ni ya Naimah, Naimah ndiye mwongo, mwiteni Naimah. Nikasema ndiyo, saini ni yake, na hii hapa nyingine ni yake pia. Nikatoa barua yako nikaisoma mbele ya wote, tangu "inuka umwambie" mpaka "uichome". Mahali pamoja nilipasoma mara mbili, wala sitakuambia ni wapi.

Sikukuomba ruhusa. Kama watakushtaki kwa barua ile, ujue mimi ndiye niliyeitoa.

Wamemsimamisha Nobert. Mpira mpya wa pampu utawekwa mwezi huu, na magunia thelathini na mawili yanarudi Kasese. Nimeweka sharti, limeandikwa na kusainiwa: kila siku mashine ikifanya kazi, mtu wa Karambi atasimama mbele ya geji, kile kipimo cha presha, na kuandika kwa mkono wake. Nasani ameacha mizigo ya mlimani kwa ajili hiyo. Mama Ninsiima aliuliza nani atamfundisha kusoma geji. Nilikusanya vikombe vyote kwanza. Kisha nikataja jina lako, kwa sababu hakuna mwingine anayeijua mashine, na usiweke maana nyingine hapo.

Bado nina hasira na wewe. Nikipita kando ya baraza naiona mikono yangu.

Edisa


Karambi, 19 Juni 2025

Naimah,

Amezaliwa jana asubuhi, Bwera, wiki tatu kabla ya wakati. Msichana. Ni mdogo, kilo mbili na robo, lakini analia kwa nguvu na vidole viko vyote, nimevihesabu mara tatu.

Sasa tuna jambo moja, na nimelala nalo vibaya. Nesi mmoja amemwambia Shallon kwamba sumu ile inakaa kwenye mafuta ya mwili na inatoka kwenye maziwa. Tangu saa hiyo Shallon amekunja mikono kifuani. Mtoto anatafuta titi, mama anageuza uso ukutani na kulia. Ananiuliza, "Mama, nimunyonyeshe ao nimuache?" Kila anayepita anasema lake. Mwingine anasema maziwa ya kopo, mwingine anasema maji ya mchele. Mimi niliyejua kila kitu sijui, na naogopa mdomo wangu, maana mara ya mwisho nilimwambia ale.

Wewe umesoma. Uliniandikia kweli mara moja na uongo mara moja. Sasa niambie. Abdunoor nimemwambia asiondoke Kasese bila jibu lako mkononi.

Edisa


Kasese, 20 Juni 2025

Mama,

Anyonyeshe. Soma hapo kwanza, mpe mtoto, kisha endelea.

Sikutaka kusema la kichwani mwangu. Abdunoor alipofika nilikwenda naye na barua yako kwa daktari wa watoto, na jioni nikampigia mwalimu wangu wa chuo anayepima sumu hizi. Wote wawili wamesema jambo moja. Nesi hakudanganya, inaingia kwenye maziwa. Lakini kumnyima titi mtoto mdogo kiasi hicho kuna hatari kubwa na ya karibu zaidi, kuharisha na njaa, na maziwa yenyewe yana kinga ambayo kopo halina. Anyonyeshe sasa na aendelee. Shallon asile tena udongo wa mahali popote, na ukuta wa jiko ubomolewe. Nitakuja na Nasani Jumamosi tuubomoe.

Hilo ndilo wanalojua. Sasa ninayoandika ni yale wasiyojua. Sijui ni kiasi gani kimeingia kwa mtoto. Sijui kama kuzaliwa mapema kumetokana na gunia lile, na daktari naye hajui, na huenda tusijue kamwe. Sijui atakuwaje akiwa na miaka kumi. Nimeandika sijui mara tatu, na kila moja nimeipima.

Pale Bwera walichukua damu ya Shallon mwezi uliopita, wakataka ya mtu mwingine wa kulinganisha, aliyeupata udongo ule tumboni na leo ni mtu mzima. Nimetoa yangu. Mama yangu alikula ukuta ule, na lile shimo kando ya dirisha ni langu. Majibu ya wote wawili yatachukua miezi mitatu. Yakifika nitayaleta Karambi kwa mikono yangu, hata yakiwa mabaya, na utayasoma wewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Gunia la arobaini na saba limeingia kwenye mashine leo saa tatu. Nasani alisimama mbele ya geji mpaka mwisho, hakukaa hata mara moja. Lilipotoka nililinusa. Halinukii kitu.

Barua hii usiichome. Mtoto akijua kusoma, mpe.

Naimah, binti Ziyad na Hidayah,
fundi wa mashine, niliyesaini yale thelathini na mawili